Moshi wa Jumamosi

Jumatatu, 7 Septemba

Binti yangu kanipa daftari hili na amri juu yake: niandike miezi yangu ya mwisho kazini, nisije nikastaafu nikakaa sina la kusimulia. Haya. Naitwa Hilkka, muuguzi wa majumbani. Miaka thelathini na moja nazunguka ziwa hili na gari la halmashauri nikifunga vidonda vya watu, na katika miaka yote hiyo hakuna mgonjwa wangu aliyekatwa mguu. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Nikimsubiri mwingine anisifu nitasubiri sana.

Leo nimekabidhiwa Taisto, miaka sabini na minne, zamani dereva wa greda, anayeishi peke yake ng'ambo ya ghuba. Mkewe Aune alifariki mwezi wa nne. Kidonda kiko mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, milimita 34. Mguu umevimba. Nimesafisha, nimefunga bendeji ya kukaza, nikamwambia Krismasi itamkuta anacheza dansi.

"Sikucheza nikiwa na miaka ishirini," akasema.

"Basi utajifunza uzeeni."

Akageukia dirisha. Nyumba yake safi, kitanda kimetandikwa hadi unaona haya kukikalia. Mjane anayetandika kitanda namna hiyo, nikajisemea, huyu hana shida kubwa.

Mwisho wa fomu kuna maswali mawili. Usingizi? "Nalala." Hali ya moyo? "Hamna neno." Nikatia alama: shwari, shwari.

Alhamisi, 10 Septemba

34. Mvua. Shwari, shwari.

Jumamosi, 19 Septemba

Nimechimba viazi vyangu, mgongo unanidai. Orvokki kanipigia simu. Orvokki ni jirani wa Taisto upande huu wa ghuba, na ndiye redio ya kijiji: habari haijatokea, yeye anayo.

"Taisto kawasha sauna," akasema. "Moshi nauona kutoka jikoni kwangu. Mzima."

Huku kwetu huo ndio ushahidi. Mtu akiwasha sauna, kibanda chake cha kuogea mvuke, siku ya Jumamosi, ana nguvu za kubeba kuni, anaoga, na akili zake ziko naye, kwa hiyo unamwacha na amani yake. Asipowasha ndipo unakwenda kumtazama. Na mimi nimemruhusu aoge, mradi mguu aufunge mfuko na aukalishe mbali na joto.

Jumatatu, 28 Septemba

35. Kimeongezeka. Nimemwambia Taisto anadanganya. Ana kisukari kidogo, cha vidonge, nikajua tu kuna maandazi ya iliki yamefichwa mahali. Nikafungua makabati yake yote bila kuomba ruhusa. Mkate mweusi mkavu, kahawa, basi.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Bado sijaangalia chini ya kitanda."

"Angalia."

Nikaangalia. Hata vumbi hakuna. Nimeona mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Kapungua, nikasema, vizuri, mguu utapumzika na uzito. Shwari, shwari.

Alhamisi, 8 Oktoba

36. Baridi ya kwanza, nyasi nyeupe asubuhi. Majibu ya damu yametoka: sukari nzuri, mishipa inapitisha damu, hakuna wadudu wa kutisha kidondani. Yaani kila kitu kizuri isipokuwa mguu wenyewe.

Daktari Rinne kanipigia. Binti wa miaka thelathini, ana hereni tatu sikio moja, moyoni namwita Kifaranga. Ana maswali mengi, ametoka nayo chuo.

"Hilkka, huyu mzee analala wapi?"

"Kitandani. Kwani wewe unalala wapi?"

"Umemwona akiwa amelala?"

"Nimekiona kitanda, daktari. Nimefanya kazi hii wewe hujazaliwa."

Akashukuru, akakata simu. Nikajiona nimeshinda.

Jumatatu, 12 Oktoba

36. Mvua.

Jumatatu, 19 Oktoba

38. Na barua kutoka hospitali ya mjini: daktari wa upasuaji atamwona tarehe 11 Desemba. Kidonda kikiwa kinazidi kwenda chini kufuata mfupa, watakata chini ya goti.

Nimemsomea mwenyewe, polepole, nikisubiri alipuke. Mimi ningelipuka. Wagonjwa wangu wote hulipuka: wanatukana halmashauri, wananitukana mimi, halafu wanaanza kufuata masharti.

Taisto akasema, "Sawa."

"Sawa nini?"

"Kama wanautaka wauchukue. Sina pa kwenda nao."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa kiti cha zamani kibebwe. Nimeendesha gari hadi nyumbani nikiwa na hasira na sijui ni ya nani. Mtu asiyeupigania mguu wake, mimi nitaupiganiaje? Kwenye fomu nimetia alama ile ile, kwa sababu aliniambia hamna neno. Mkono wangu ulisita kidogo, lakini nilitia.

Jumamosi, 24 Oktoba

Leo nitaandika mengi.

Nilikwenda kwa Orvokki kunywa kahawa, kweli kabisa si kwa kazi. Tuko jikoni kwake, saa nane mchana, akaninyooshea kidole ng'ambo ya maji. "Ona, kawasha. Kila Jumamosi hakosi."

Nikaona. Nikaweka kikombe chini.

Mimi nimezaliwa kando ya ziwa hili. Moshi wa kuogea naujua: kuni za mbetula, mti wetu wa gome jeupe, zilizokaushwa mwaka mzima, moshi mwembamba mweupe, moto ukikolea huuoni tena, unaona hewa tu inacheza juu ya bomba. Ule ulikuwa mweusi, mzito, unaning'inia juu ya maji. Kuni mbichi ndizo zinazotoa moshi hivyo.

"Orvokki, moshi huu huwa hivi hivi?"

"Moshi ni moshi, bwana. Unatoka."

Nikachukua gari nikazunguka ghuba. Sikubisha hodi nyumbani, nilishuka moja kwa moja saunani. Taisto alikuwa amekaa kwenye chumba cha kuvulia nguo, amevaa koti, kofia na viatu. Mlango wa jiko uko wazi, ndani kuna magogo mabichi yanayofuka na kipande cha karatasi ya lami ya paa. Nikaingia ndani nikaweka kiganja juu ya mawe ya jiko, yale ya kumwagia maji yatoe mvuke. Baridi. Ndoo kavu, buibui amejenga ndani yake. Kwenye msumari lilining'inia fungu la matawi ya mbetula la kujichapia mwilini wakati wa kuoga, majani yamekauka rangi ya chai. Hilo hufungwa wakati wa kiangazi. Kiangazi hiki Aune hakuwepo.

"Unaoga nini humu, masizi?" nikamwuliza.

Nikakaa kando yake kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikusema kitu, na si kwa busara, nilikosa tu la kusema.

Baadaye ndipo akaanza. "Orvokki akiona moshi hapigi simu. Asipouona atakuja na supu. Akija na supu itabidi tuongee."

"Hujaoga humu tangu lini?"

"Tangu tuoge wawili."

"Na chakula cha halmashauri unacholetewa mlangoni?"

"Kunguru wanakipenda."

Nikakumbuka tundu la msumari kwenye mkanda, nilivyosema vizuri. Nikakumbuka na swali la Kifaranga. Mdomo ulikuwa mzito, lakini nikauliza.

"Taisto, unalala wapi?"

Akavua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Kwenye kiti cha kubembea."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kitandani nalala kama gogo, sista. Toka ujana wangu, nikishalala hata greda ipite. Aune alikufa kiwiko changu kinamgusa, na mimi nakoroma. Asubuhi niliamka taratibu nisimsumbue. Nikapika kahawa, nikampelekea, nikamwambia inywe itapoa." Akaigeuza kofia mikononi. "Kitini silali sana. Nikisinzia, shingo inaniamsha."

"Na wewe unataka ikuamshe."

"Ndiyo."

Zaidi ya miezi sita. Mtu kakaa kitako mchana na usiku, mguu unaning'inia, maji yote ya mwili yanashuka kujaa kwenye kifundo, halafu mimi nakuja mara mbili kwa wiki na bendeji zangu na majigambo yangu. Bendeji gani itashinda hapo? Tumbo tupu, usingizi hakuna, moyo umekufa ganzi, ngozi ingejengwa na nini? Na kila mara nimetia alama: shwari, shwari. Kitanda kilikuwa kinanijibu tangu siku ya kwanza. Kilikuwa nadhifu kwa sababu hakuna anayekilalia.

Nilimwambia, "Nimekukosea." Akasema hamna neno. Nikamwambia hilo neno asiniambie tena, nitamrushia ndoo. Akacheka kidogo sana, puani.

Nililia ndani ya gari, kabla sijawasha injini. Nilistahili kulia.

Jumatatu, 26 Oktoba

Saa mbili asubuhi niko mlangoni kwa Daktari Rinne. Nikamweleza yote nimesimama.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza. Nikakujibu kijinga."

Ningekuwa mimi, ningeongeza neno la kuchoma. Yeye akachukua koti lake. Kaahirisha wagonjwa wawili, tukaenda kwa Taisto na gari langu, kilomita arobaini, na njiani akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuwa nayajua: huzuni ikikaa muda mrefu, mwili unabaki kwenye tahadhari mchana na usiku, kidonda kinachelewa kujenga ngozi. Na mguu unaouma unamnyima mtu kutoka, kulala, kuona watu, huzuni inazidi. Kila kimoja kinakilisha kingine.

Taisto alipoambiwa ana sonona, ugonjwa wa huzuni, akakunja uso. "Mimi si mwendawazimu."

"Nani kasema?" Rinne akamjibu. "Unaumwa. Ugonjwa wenyewe una jina, una dawa, na unakula mguu wako. Mguu nitautibu na huu nitautibu, kwa pamoja. Nikitibu kimoja nitashindwa vyote."

"Na nikikataa?"

"Utakataa. Nitarudi Alhamisi."

Kiburi kama changu. Sitamwita Kifaranga tena.

Alhamisi, 29 Oktoba

38. Kakubali vidonge, na kakubali muuguzi wa afya ya akili aje kila Jumanne. Anaitwa Jalo, si msemaji. Kitanda kakikataa katakata, na safari hii sikubishana.

Orvokki ndiye aliyetupa jibu. Nilimweleza kwa ruhusa ya Taisto, nikitegemea atalivumisha kanisani, kumbe hakumwambia mtu. Alikuja na supu, akaangaza jikoni, akaondoa rundo la magazeti ya miaka kumi juu ya benchi la mbao, akavuta sehemu ya chini. Likawa kitanda.

"Hapa si ndipo mama yako alipokuwa anakulaza?" akamwuliza.

"Hadi nilipooa," Taisto akasema.

Nimeweka mito miwili upande wa miguu. Ajaribu saa moja tu, nikasema, mguu ukiwa juu kuliko moyo.

Jumanne, 3 Novemba

Jalo kaja. Taisto anasema wametamka maneno tisa jumla, halafu wakapasua kuni. "Mtu mzuri," akaniambia.

Alhamisi, 5 Novemba

37. Nimepima mara tatu.

Jumatatu, 9 Novemba

36. Kalala benchini mpaka asubuhi. Kala supu. Theluji ya kwanza, ikayeyuka.

Alhamisi, 12 Novemba

38.

Niliingia nikaona blanketi liko kwenye kiti cha kubembea, nikajua kabla sijafungua bendeji. Mguu umevimba tena. Vidonge vya siku nne viko kwenye kisahani, vimepangwa mstari.

"Kwa nini?"

"Vinanilaza."

"Ndiyo kazi yake."

"Jumapili nililala mpaka asubuhi. Niliamka nikaanza kumtafuta Aune kando yangu, sista. Sitaki tena kuamka hivyo."

Mimi wa Septemba ningempa hotuba ya dakika ishirini. Sasa nilifunga mguu, nikampigia Rinne, nikampigia Jalo, halafu nikampigia Orvokki nikamwambia nimeishiwa. Akaja kwa miguu akizunguka ghuba yote, maana barafu ya kuvukia juu ya maji bado haijashika, akakaa mbele ya Taisto bila kuvua koti.

"Unajua Aune alikuwa anakuja kwangu kila asubuhi kunywa kahawa," akasema. "Miaka yote hiyo. Na wimbo wake ulikuwa mmoja: unavyokoroma."

"Najua. Alinisema sana kwa hilo."

"Hujui yote. Ulipolazwa hospitali kwa nyongo, siku tano, hakulala. Alikuja macho mekundu. Akaniambia, Orvokki, nyumba ikiwa kimya sipati usingizi, namtaka yule mkoromaji wangu."

Taisto akatazama sakafu.

"Usiku ule hukumwacha peke yake kwa kulala," Orvokki akasema. "Alikuwa na anachokitaka, mkoromo wako. Sasa meza vidonge vyako, nimetembea mbali, miguu imeganda."

Akameza kimoja tu, cha leo, mimi nikihesabu. Niliwahi kumwita mwanamke huyu redio ya kijiji. Nimeliona kosa langu na nitamwambia siku nikipata ujasiri.

Alhamisi, 19 Novemba

35. Yuko benchini tangu Ijumaa.

Jumamosi, 21 Novemba

Moshi mweupe. Nimeuona kwa macho yangu kutoka kwa Orvokki. Taisto kamwalika yeye na mumewe Kauko waje kuoga, na wamekubaliana iwe kila Jumamosi, moto uwashwe saa nane. Taisto alikaa benchi la chini, mguu kwenye mfuko, nje ya mlango. Kauko anasema hakuna aliyeongea na ilikuwa sauna nzuri sana.

Alhamisi, 26 Novemba

31. Kaniuliza kuhusu kustaafu kwangu. Mgonjwa akianza kukuuliza wewe, kuna kitu kimegeuka.

Alhamisi, 3 Desemba

27. Mkanda umerudi tundu la zamani.

Jumapili, 6 Desemba

Siku ya uhuru. Nimewasha mishumaa yangu miwili dirishani, kama ilivyo desturi yetu siku hii. Orvokki kaniambia kwa Taisto pia ipo miwili.

Alhamisi, 10 Desemba

24. Kesho ndiyo kesho. Kanyoa ndevu mbele yangu.

"Unaogopa?" nikamwuliza.

"Naogopa."

Nilifurahi kulisikia neno hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Mwezi wa kumi mguu huu alikuwa anaugawa.

Ijumaa, 11 Desemba

Daktari wa upasuaji alikipima, akaangalia picha, akaangalia namba zangu za tangu Septemba. Akairudia picha mara ya pili hadi nikataka kumfinya. Kidonda kimeacha kwenda chini, nyama mpya imejaa. Hakuna kukata. Akauliza tulibadilisha dawa gani ya kidonda.

"Hatukubadilisha," Rinne akasema. "Tulimlaza."

Tulimrudisha Taisto hadi mlangoni kwake. "Sasa itabidi nijifunze dansi," akasema, akaingia ndani.

Jumamosi, 12 Desemba

Saa tisa kasoro Orvokki kapiga simu. "Hakuna moshi."

"Labda kachelewa."

"Hajawahi kuchelewa. Hata ule wa uongo hakuchelewa. Simu hapokei."

Sikumbuki kufunga mlango wangu. Theluji, giza linaingia, maana Desemba huku jua huzama saa tisa mchana, na kichwani mambo yote ambayo muuguzi wa miaka thelathini na moja ameyaona. Nimewaona waliokuwa wakipata nafuu na wakajiondoa uhai pale pale, wakati wote tumeshusha pumzi. Jana nilishusha pumzi. Jana, gari likiwa linanguruma, sikumwuliza chochote, nilimwacha aingie ndani peke yake. Nilikuwa naomba kwa sauti, mimi ambaye kanisani naenda Krismasi tu.

Orvokki na Kauko walikuwa wamekwisha kufika, wamesimama barazani, hakuna aliyethubutu kufungua. Nikafungua mimi. Mlango wa nje. Tukasimama kwenye ukumbi mdogo, kwenye viatu na makoti.

Ndipo tukausikia, kupitia mlango wa jikoni uliofungwa: mkoromo. Mzito, mpana, unapanda, unasita, unashuka. Orvokki akakaa chini juu ya viatu akaanza kulia na kucheka.

Tukaingia. Taisto yuko chali kwenye benchi, miguu juu ya mito, mdomo wazi, blanketi limeanguka. Mezani kuna sahani tupu. Kauko, ambaye hajui kunong'ona, akasema, "Tumwamshe?" na ndivyo alivyomwamsha.

"Saa ngapi?" Taisto akauliza.

"Tisa na nusu."

"Nilijinyoosha dakika kumi baada ya kula." Akanyanyuka kwa kiwiko. Nikaona uso wake ukibadilika alipoelewa kwamba amelala, usingizi ule wake wa zamani, na akatuangalia kwa woga, mmoja mmoja: Orvokki, Kauko, mimi.

"Wote mpo?" akauliza.

"Wote tupo," nikasema.

Akatuangalia tena, taratibu, mpaka akaridhika. "Basi mbona mmesimama, hakuna aliyewasha sauna?"

Nilikwenda kuwasha mwenyewe, kuni kavu za mbetula, na mguu nilimfungia pale pale ingawa leo si siku yangu ya kazi. Fomu nimeijaza nyumbani. Sehemu ya usingizi haina nafasi ila ya alama moja, kwa hiyo nimeandika pembeni, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma. Safari hii sikumwuliza mgonjwa. Nilikuwepo.